Chini ya Macho ya Shemeji

Mlipomwacha wiki iliyopita, Spana alikuwa amesimama kwenye lango la wafanyakazi wa meli, kadi mkononi, na taa ya mashine imewaka nyekundu. Mkono mzito ulikuwa umetua begani kwake.

Mkono ule ulikuwa wa Kufuli.

"Leo huingii, shemeji."

Aliyelikosa gazeti la wiki jana asipate tabu. Spana ni fundi mkuu wa mitambo kwenye meli ya kuvusha abiria na magari. Ni mwanamke wa makamo, mabega mapana, na jina hilo alibandikwa na mabaharia kwa sababu spana haimtoki mkononi. Kufuli ndiye mkuu wa usalama wa bandari. Alimwoa mdogo wake Spana, akamtesa, mke akatoroka usiku na nguo alizovaa. Aliyemficha ni dada mtu. Tangu hapo wawili hawa hawasalimiani, wanatazamana tu kama watu waliouziwa kiwanja kimoja.

Jambo moja Kufuli alikuwa halijui. Mke anayemtafuta kila kona alikuwa hapo hapo bandarini, ng'ambo ya ukuta wa kioo, kwenye foleni ya abiria, anasubiri kukaguliwa apande meli.

"Toa mkono wako," Spana alisema.

Kufuli aliutoa taratibu.

"Kadi yangu ina nini?"

"Imefungwa. Sheria mpya ya usalama. Mtu ambaye uchunguzi wake haujakamilika hakanyagi eneo la meli."

"Uchunguzi gani tena? Vidole mmechukua, picha mmepiga, mpaka majirani zangu mmewahoji kama mimi ni mchawi. Mkaniambia niko safi."

"Faili lako limefunguliwa upya."

"Na nani?"

"Na mimi."

Nyuma ya Spana wafanyakazi walianza kunung'unika. Mpishi wa meli alikuwa amefunguliwa sanduku la visu, kila kisu kinapigwa picha. Baharia mmoja aliambiwa avue viatu mara ya pili.

"Jamani, viatu ni vile vile!" baharia alilalamika. "Vimeota bomu hapa hapa mlangoni?"

"Wewe, unataka kulala ndani kwa utani wako?" askari alimkaripia. Baharia akaufyata.

Kufuli akamsogelea Spana mpaka pumzi yake ikamgusa sikio. "Niambie mke wangu yuko wapi. Taa hii itakuwa kijani kabla hujapepesa jicho."

"Mke huna. Ulipewa mke, wewe ukamgeuza ngoma."

Kufuli alikunja taya. "Chunga mdomo wako."

"Na wewe chunga mikono yako."

Spana alitupa jicho kwenye kioo. Kule upande wa abiria foleni ilikuwa inasogea. Mama mmoja fundi cherehani alikuwa amenyang'anywa mkasi wake, analalama kwa sauti ya kusikika bandari nzima. "Mkasi wa kukatia vitambaa! Nitamteka nani nao, nahodha? Nimpeleke wapi?"

Watu walicheka. Nyuma ya mama yule alisimama mwanamke mwembamba, mtandio umemshuka mpaka kwenye nyusi, miwani mikubwa usoni. Hakucheka.

Spana alimtambua. Ni yeye. Ni mdogo wake.

Kila siku ya safari Kufuli husimama mwenyewe kwenye mashine ya abiria, akiwakodolea macho wanawake mmoja mmoja. Leo hakuwepo pale. Leo alikuwa hapa, anagombana.

Basi Spana akakata shauri. Kama ugomvi ndio unaomshikilia, ataupata ugomvi.

"Watu wote njooni mshuhudie!" alipaza sauti. "Mkuu wa usalama ananifungia kadi kwa sababu mke wake amemkimbia! Hii ndiyo sheria mpya? Sheria ya kumtafutia mtu mke?"

"Nyamaza!"

"Sinyamazi! Meli hii nimeilea tangu imeletwa! Wewe ulikuwa unapanga magari kwenye maegesho!"

Wafanyakazi waliangua kicheko. Kufuli alibadilika rangi. Aliwaita askari wawili, akawafukuza, akawaita tena. Spana alizidi kumrushia maneno, na jicho moja akaliacha kwenye kioo.

Mdogo mtu aliweka mkoba kwenye mkanda. Alivua miwani mbele ya kamera. Askari aliyekuwa pale alipiga miayo, akampungia mkono apite.

Akapita!

Mlango wa ukumbi wa kusubiri ukafungwa nyuma yake. Kwa sheria hiyo hiyo mpya, aliyekwisha kukaguliwa hatoki tena, hata akibanwa na haja. Akitoka anaanza upya mwisho wa foleni. Spana alivuta pumzi ndefu. Furaha ilimpanda, akaizuia isifike usoni.

Hapo ndipo Nahodha aliposhuka, kofia kwapani, amekasirika.

"Chifu wangu mmemfanya nini?" Mabaharia wote humwita Spana Chifu. "Injini iko baridi, abiria wamejaa ukumbini kama dagaa, na fundi wangu mkuu anapigishwa kelele mlangoni?"

"Kadi yake haifanyi kazi," Kufuli alimjibu.

"Bila yeye siondoki."

"Basi usiondoke. Nitawatoa abiria mmoja mmoja, nawakagua upya, wanarudi makwao."

Mmoja mmoja! Kila mwanamke atapita mbele ya macho ya Kufuli. Meli lazima iondoke. Kwa vyovyote vile, lazima iondoke.

"Nahodha," alisema haraka, "si kuna kifungu cha kusindikizwa?"

"Kipo!" Nahodha alidakia. "Asiye na kadi anaingia akiwa na mwenye kadi. Nitamsindikiza mimi."

Kufuli alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Tabasamu lake lilikuwa baya kuliko matusi yake.

"Hukukisoma chote, Nahodha. Anayechunguzwa anasindikizwa na mtu wa usalama. Hatoki machoni pake hata dakika moja mpaka meli ifunge kamba upande wa pili." Aliweka sawa mkanda wa sare yake. "Nitamsindikiza mwenyewe."

Spana alitaka kupiga kelele, hapana! Lakini angetoa sababu gani? Amejitafutia njia ya kuiondoa meli, na njia hiyo inampandisha Kufuli meli moja na mtu anayemkimbia.

"Vipi, shemeji?" Kufuli aliuliza. "Hupendi safari?"

"Twende," Spana alisema.

Walishuka ngazi ya chuma, yeye mbele, Kufuli nyuma, mpaka chumba cha injini. Humo joto halikuulizi cheo. Spana alivaa ovaroli, akaikagua mitambo, akaiwasha, Kufuli anatazama kila anachogusa. Sakafu ilitetemeka. Kelele zikajaa mpaka kwenye meno. Meli ikaacha gati.

Kufuli alitafuta pa kukaa. Hapakuwepo. Alitafuta pa kuegemea, akaegemea bomba la moto, akaruka kama aliyeng'atwa.

"Pole," Spana alipiga kelele bila kumwangalia. "Mabomba yangu hayana adabu."

Sare yake iliyonyooshwa ikaanza kulowa kwapani, kisha mgongoni. Alipoona jasho linamwingia machoni, aligeukia ngazi.

"Nakwenda juu kuwaangalia abiria!"

"Nenda!" Spana alionyesha kamera iliyokuwa juu ya mlango. "Ile inakuona. Ukiniacha peke yangu umevunja sheria yako mwenyewe. Kesho taa itakuwakia wewe nyekundu."

"Basi twende wote."

"Niiache injini wakati meli ina abiria? Kaniandikie amri hiyo, utie saini. Nitaipeleka mbele ya wakubwa wako."

Kufuli alirudisha mguu. Alikuwa amenasa. Ameleta sheria imbane Spana, sheria ikambana yeye, shimoni, kwenye joto, huku mke wake amekaa juu anapigwa na upepo wa bahari.

Spana aligeuza uso kwenye mageji ya injini ili asionekane akitabasamu.

Lakini mara akasikia kicheko. Kicheko kikubwa, kimepita juu ya mngurumo wa injini. Aligeuka. Kufuli alikuwa anajifuta jasho na anacheka.

"Unajiona mjanja sana, shemeji! Unafikiri umenifungia humu!"

"Nimekufungia wapi? Ngazi hiyo hapo."

Kufuli alimsogelea, akamwinamia sikioni. "Pale langoni ulipokuwa unapayuka, mimi nilikuwa nakutazama macho. Jicho lako moja lilikuwa kwangu. La pili lilikuwa wapi?"

Spana aliuacha mtambo, akamtazama.

"Nikafuata linapotazama. Nikamwona. Mtandio, miwani, kila kitu. Nimelala naye kitanda kimoja miaka mingi, nitashindwa kuujua mwendo wake?"

"Mbona hukumkamata?"

"Nchi kavu ana pa kukimbilia. Ana wewe, ana mashoga zake, ana watu wa kupiga mayowe. Melini hana." Kufuli aligonga redio iliyoning'inia kiunoni. "Ulipokuwa unavaa ovaroli niliongea na watu wangu wa ng'ambo. Hakuna mlango utakaofunguliwa mpaka nisimame pale mwenyewe. Nitasema ni tishio la usalama. Atachukuliwa kimya kimya, na hakuna atakayeuliza. Neno hilo likitajwa, watu wote huangalia chini. Tena nakushukuru. Wewe ndiye uliyeomba kusindikizwa."

Hapo Spana aliona kiza.

Aliwaza kumpiga. Aliwaza kulia. Halafu akawaza jambo moja tu. Mambo yote ya Kufuli yanangoja meli ifike. Na meli haifiki bila yeye.

Alinyoosha mkono, akashika wenzo wa kuzimia injini, akauvuta mpaka chini.

Injini ilikohoa. Ikakohoa tena. Ikafa.

Ukimya ulishuka, mzito, wa kuumiza masikio. Ilibaki jenereta ndogo ya taa tu, inavuma pembeni kama nyuki.

"Umefanya nini?" Kufuli aliuliza.

"Nimepumzisha mashine yangu. Nahodha atashuka hapa sasa hivi kuuliza, na mimi nitamjibu mbele yako."

Spana alitegemea atatukanwa. Alitegemea hata kofi. Hakutegemea alichokiona. Kufuli alikuwa ameinua uso, anaitazama dari ya chuma, na midomo inamcheza. Mtu yule alikuwa anaogopa.

"Washa."

"Siwashi."

"Washa injini, mwanamke! Washa sasa hivi!" Alimkamata mkono, akaukunja. Spana alijing'oa, akainua spana ndefu ya chuma usawa wa bega.

"Nishike tena. Nishike tena uone kama utaondoka na meno."

Walisimama hivyo, wanahema. Mlango wa juu ukafunguliwa kwa kishindo, hatua zikashuka ngazi.

"Chifu! Kuna nini huku?" Alikuwa Nahodha. Na nyuma yake, ameshika kingo za ngazi kwa mikono miwili, mtandio umeanguka mabegani, alikuwa mdogo wake Spana.

"Abiria haruhusiwi huku!" Kufuli alibweka. "Mtoe! Hii ni sehemu iliyozuiliwa!"

"Meli ikishaacha gati anayeruhusu ni mimi," Nahodha alisema. "Mama huyu amenifuata juu nilipokuwa kwenye usukani. Ameniambia mambo. Nataka ayarudie mbele yako."

Spana alimkimbilia mdogo wake. "Nilikuambia ukae juu! Nilikuambia usisogee!"

"Nimechoka kujificha, dada." Mdogo mtu hakuyaangusha macho. Alimgeukia Kufuli. "Si ulikuwa unanitafuta? Mimi hapa. Sema mbele ya watu unanitafutia nini."

"Wewe ni mke wangu."

"Kama ungekuwa unatafuta mke ungeshaoa mwingine." Akamrudia Spana. "Dada, nisamehe. Sikukuambia yote. Ngumi nilikwisha kuzizoea. Nilimkimbia siku niliyomsikia kwenye simu, akidhani nimelala. Kuna lori. Lori jeupe la kubebea samaki wa barafu. Halipiti kwenye mashine, mbwa hawalinusi, halifunguliwi. Analipitisha yeye mwenyewe kwa mkono wake."

"Mwongo!" Kufuli alifoka. "Mwanamke mwongo huyu, Nahodha! Ana kichaa!"

"Samaki hakuna," mdogo mtu aliendelea. "Ni watu. Wanafungiwa humo wanavushwa, na wakifika wanauzwa kufanya kazi za bure. Lori hilo nimeliona leo kwa macho yangu, kutoka dirisha la ukumbi. Liko humu. Liko sitaha ya magari."

Nahodha alimgeukia Kufuli, anangoja jibu.

Na kwa kuwa hakuna aliyesema neno, na injini ilikuwa imekufa, wote wanne walisikia.

Du. Du. Du.

Sauti ilitoka juu ya vichwa vyao, ikipita kwenye chuma. Kitu kinagongwa. Kinagongwa na mkono usio na nguvu.

Spana alimtazama Kufuli, na sasa akaelewa kwa nini mtu yule aliuogopa ukimya kuliko spana. Safari ngapi zimepita? Safari ngapi watu wamegonga juu ya kichwa chake, na yeye, fundi mkuu, hakusikia kitu kwa kelele za injini yake mwenyewe?

"Lori la barafu halipitishi hewa," alisema kwa sauti ndogo. "Halina hata tundu."

"Ufunguo," Nahodha alimwambia Kufuli. "Toa ufunguo."

"Sina."

"Toa ufunguo!"

"Uko ng'ambo! Anao wa kupokea!" Kufuli aliropoka, kisha akaziba mdomo, amechelewa. Alikuwa amekiri.

Nahodha alimsukuma ukutani, akamkaba ukosi. Alikuwa mtu mzima, lakini mikono ilikuwa bado ya baharia. "Chifu, kimbia. Chukua chochote cha kukatia. Huyu niachie mimi. Injini haiguswi mpaka urudi."

"Utamweza?"

"Kimbia nimekuambia!"

Spana alinyakua mkasi mkubwa wa kukatia vyuma. Mdogo wake akachukua tochi. Walipanda ngazi wanakanyagana.

Sitaha ya magari ilikuwa na giza na harufu ya moshi. Walijipenyeza katikati ya magari yaliyobanana, vioo vya pembeni vikiwakwaruza. Lori jeupe lilikuwa mwisho kabisa, limeegeshwa mgongo ukutani kwa nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Mlango wake ulikuwa na kufuli mbili na utepe wa usalama wa bandari, mpya, umeandikwa LIMEKAGULIWA.

Du. Du.

"Tuko hapa!" Spana alipiga kelele, akajibana kwenye ule upenyo. "Tunawafungulia! Gongeni!"

Alibana kufuli ya kwanza kwa mkasi, akaminya kwa nguvu zote za mabega yake. Chuma kililia. Kikakatika.

Du.

"Gongeni, ndugu zangu! Msiache kugonga!"

Alihamia ya pili. Mikono ilikuwa inateleza kwa jasho. Mdogo mtu alimulika kwa tochi. Hakuna kilichogonga.

"Dada, mbona kimya?"

Spana alibandika sikio kwenye mlango wa lori. Chuma kilikuwa cha baridi. Aliziba sikio la pili kwa kiganja, akashika pumzi. Mbali sana, ndani kabisa, alisikia kitu kama ukucha unakwaruza bati. Mtu mmoja angalau alikuwa hai.

"Wapo," alinong'ona. "Wapo! Nimulikie vizuri!"

Mara sakafu ikatetemeka.

Ilianza kwa mtikisiko mdogo, halafu magari yote yakaanza kugongana vioo, na mngurumo ukapanda kutoka chini, ukaijaza sitaha ile ya chuma, ukaufunika mkwaruzo, ukafunika kila kitu. Spana aliujua mngurumo ule kuliko alivyojua sauti yake. Ni injini yake. Imewashwa, na meli ilikuwa inaanza kusogea kwenda ng'ambo, kwa watu wa Kufuli.

Mdogo mtu alimkamata mkono wa ovaroli, uso umempauka.

"Dada," alisema. "Nahodha tumemwacha naye peke yake."